Beagle au Challenger: uchague safari ipi ya kisayansi ya karne ya 19?

Mwalimu anayetafuta safari moja ya baharini ya kufundishia muhula mzima, mwanachuo anayesaka mada ya tasnifu, au msomaji anayetaka kuzama kwenye jambo moja mpaka alijue vizuri, karibu wote huishia mbele ya majina mawili: HMS Beagle (1831–1836) na HMS Challenger (1872–1876). Zote mbili zilikuwa meli za Jeshi la Wanamaji la Uingereza, zote zilizunguka dunia, na zote zilirudi na shehena ya vielelezo. Lakini kazi zake zilikuwa tofauti kabisa, na anayechukua moja akitarajia faida za nyingine atapoteza muda mwingi.

Jibu la haraka ni hili. Kama unataka kuona jinsi mtu mmoja anavyojenga hoja kutokana na alichokiona kwa macho yake, chukua Beagle. Kama unataka kuona jinsi sayansi inavyopima, inavyokosea na inavyojisahihisha, chukua Challenger. Sisi tunaegemea Challenger kwa madarasa mengi, na sababu tutazieleza. Kwa anayetafuta pwani ya Afrika Mashariki, hakuna hata moja kati ya hizi itakayomfaa. Kwake iko safari ya tatu, nayo imeelezwa kuelekea mwisho.

| | Beagle (safari ya pili) | Challenger |
|---|---|---|
| Kuondoka na kurudi | 27 Desemba 1831 – 2 Oktoba 1836 | 21 Desemba 1872 – 24 Mei 1876 |
| Nahodha | Robert FitzRoy | George Nares, kisha Frank Thomson |
| Urefu wa meli | mita 27.5 | mita 61 |
| Nguvu | matanga tu | matanga na mvuke |
| Watu | 74 | takriban 240 |
| Kazi kuu | ramani za pwani na longitudo | kina, joto, maji na viumbe vya bahari kuu |
| Wanasayansi raia | mmoja, kwa gharama ya familia yake | watano na mchoraji mmoja, kwa gharama ya serikali |

Meli zenyewe

Beagle ilishushwa majini Woolwich mwaka 1820 ikiwa brigi ya mizinga 10 yenye milingoti miwili. Mwaka 1825 iliongezwa mlingoti wa tatu, wa galme (wa nyuma), ili iwe rahisi kuiongoza karibu na nchi kavu. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kukaribia pwani zisizojulikana, kutia bildi (kushusha kizito kwa kamba kupima kina), kupima pembe za vilima na kuondoka kabla upepo haujaisukumia mwambani. Ndani palikuwa finyu mno. Charles Darwin, mwanasayansi raia wa safari hiyo, akiwa na umri wa miaka 22, alilala kwenye kitanda cha bembea kilichofungwa juu ya meza ya kuchorea ramani, ndani ya chumba chenye ukubwa wa takriban mita 3 kwa 3.

Challenger ilikuwa korveti ya mbao, yaani meli ya kivita ya ukubwa wa kati. Mizinga 15 kati ya 17 iliondolewa, na nafasi zake zikawa maabara ya kemia, chumba cha kuchunguzia viumbe, chumba cha kusafishia picha na stoo ya spiriti. Wengi hudhani injini ya mvuke iliwekwa ili meli iende kasi. Sehemu kubwa ya njia walikwenda kwa matanga ili makaa ya mawe yasiishe. Mvuke uliwafaa zaidi kwa kusimama: kuishikilia meli omo (sehemu yake ya mbele) ikielekea upepo, juu ya nukta moja, kamba ikiteremka wima kilomita nne au tano chini. Meli ya matanga matupu haiwezi hilo, na hapo ndipo tofauti kubwa ya safari hizi mbili inapoanzia.

Saa 22 za Beagle

Watu wakisikia Beagle hufikiria chiriku wa Galápagos. Waliowatuma walifikiria longitudo. Francis Beaufort, mkuu wa idara ya ramani za bahari, alimwagiza FitzRoy amalize upimaji wa pwani za kusini za Amerika ya Kusini, kisha avuke Pasifiki na kurudi akizunguka dunia, akipima tofauti ya saa kati ya bandari na bandari. Mpango ulikuwa wa miaka miwili hivi. Ulichukua karibu mitano.

Kanuni ni nyepesi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, hivyo sekunde 4 za muda ni dakika moja ya longitudo, na penye ikweta hiyo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ukijua saa ya bandari uliyotoka na saa ya jua ya mahali ulipo, tofauti yake ndiyo longitudo. Ugumu uko kwenye kuibeba saa ya bandari ya kwanza bila kuipoteza. Kronomita, yaani saa ya baharini ya usahihi mkubwa, inayokosewa mwendo wake kwa sekunde 2 tu kwa siku, baada ya siku 30 imekupotosha kwa sekunde 60, yaani maili 15, karibu kilomita 28. Mwamba hauhitaji hata robo ya hizo.

FitzRoy alibeba kronomita 22: 11 za serikali, 6 zake mwenyewe, nyingine za kuazimwa. Zilikaa kwenye masanduku yaliyozungushiwa vumbi la mbao, katika chumba kidogo karibu na kitovu cha mtikisiko wa meli, na aliajiri kwa fedha zake fundi wa vyombo, George James Stebbing, azitunze. Saa za kujazwa kila siku zilijazwa saa tatu asubuhi, za siku nane zilijazwa Jumapili saa hiyohiyo, na zote zililinganishwa adhuhuri. Walipofika bandari walipima jua kwa siku kadhaa kujua kila saa inakimbia au inachelewa kwa kiasi gani. Kiwango hicho cha mwendo ndicho kilichotumika kwenye hesabu. Hakuna aliyetarajia saa iwe sahihi kabisa. Kilichohitajika ni ikosee kwa kiasi kilekile kila siku.

Tazama walivyofanya Brazili. Mwaka 1832 FitzRoy aliona kwamba tofauti yake ya longitudo kati ya Bahia na Rio de Janeiro inapishana na ramani ya Kifaransa ya Baron Roussin kwa zaidi ya maili 4, sawa na sekunde 16 za muda. Aligeuza meli, akarudi Bahia umbali wote huo, akapima upya. Kipimo chake kilisimama. Darwin alibaki Rio akikusanya wadudu na mimea hadi Julai, na wiki zile za msituni, ambazo watu huzisoma kama sehemu ya habari zake binafsi, zilitokana na ubishi wa sekunde 16. Mwalimu akianzia hapo, wanafunzi huelewa meli ile ilikuwa ya nani na kwa kazi gani.

Walipofunga mduara wa dunia, jumla ya tofauti zote za saa ilipaswa kuwa saa 24 kamili. Ilizidi kwa sekunde 33 hivi, takriban kilomita 15 penye ikweta baada ya karibu miaka mitano. Kronomita 11 kati ya 22 ndizo zilizorudi zikiwa bado katika hali nzuri. Nyingine zilisimama, zilivunjika springi, au mwendo wake ulibadilika ovyo. Hii ndiyo sababu ya kubeba nyingi: ukiwa na mbili zikapishana hujui ipi imekosea, ukiwa na tano inayopotoka hujitenga yenyewe.

Kamba ya Challenger

Kwa Challenger kipimo cha msingi ni pima, ileile ya urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa: futi 6, mita 1.83. Andika ubaoni mapema, kwa sababu taarifa zote za kina ziko kwa pima na joto liko kwa Fahrenheit, na asiyebadilisha vipimo hivyo mwanzoni hukwama kila ukurasa.

Siku ya kituo ilianza alfajiri. Matanga yalikunjwa, mvuke ukawashwa, omo ikaelekezwa kwenye upepo. Kamba nyembamba ya katani ya Italia, yenye alama kila pima 25, ilipitishwa kwenye kapi lililoning'inizwa kwa mikanda minene ya mpira. Mikanda hiyo ilivutika meli ilipopanda wimbi na kujikunja iliposhuka, kamba isikatike kwa mshtuko. Mwishoni mwa kamba palikuwa na bomba la chuma lenye vizito vya pete vya kilo 150 hadi 200 kwa maji ya kina kirefu. Bomba likigusa chini, vizito hufyatuka na kubaki sakafuni, na bomba hupanda na tope ndani yake.

Utajuaje limegusa? Chini ya maelfu ya pima mkono hausikii kitu. Kamba ina uzito wake, nayo huendelea kuteremka hata kizito kikiwa kimeshalala. Walichofanya ni kuhesabu muda wa kila pima 100 kupita. Muda huo huongezeka polepole kwa kuwa kamba ndefu husuguana zaidi na maji. Kizito kikifika chini, unaruka ghafla. Mruko huo ndio unaoandikwa kuwa kina. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1852, Kapteni Denham wa HMS Herald alitangaza pima 7,706 kusini mwa Atlantiki, yaani zaidi ya mita 14,000, ilhali hakuna mahali baharini panapofika hata mita 11,000. Kamba yake iliendelea kukimbia, mikondo ikaivuta upande, naye hakuwa na ishara ya kuaminika ya kumwambia chini kumefikiwa.

Meli ilibeba pia mashine ya waya wa piano ya William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, ambayo ingefanya kazi hii kwa haraka zaidi. Katika jaribio la kwanza ngoma yake ilipondeka kwa mkazo wa waya, ikawekwa kando, na safari nzima ikafanywa kwa katani. Ni funzo zuri kwa wanafunzi wa ufundi: wazo lilikuwa sahihi, ngoma ndiyo iliyokuwa dhaifu, na Wamarekani baadaye waliiimarisha ikawa chombo cha kawaida.

Baada ya kina hufuata joto katika kila tabaka, kisha chupa ya kuteka maji ya chini, kisha wavu wa kukokota sakafuni, ambao peke yake ungeweza kula siku nzima hadi jioni. Hesabu rasmi ya safari ni vituo 362, vipimo 492 vya kina cha bahari kuu, mikokoto 133 ya chini na mfululizo 263 wa vipimo vya joto, katika mwendo wa maili za baharini 68,890. Kurudiarudia huko ndiko kulikowafanya mabaharia wachoke, na wengi walitoroka bandarini. Kazi ilikuwa ya hatari pia: Machi 1873 baharia kijana aliuawa kapi liliponyofoka wakati wavu umenasa chini na kamba imekazwa mno.

Makosa ya kila safari

Hapa ndipo tunapoipendelea Challenger, kwa sababu makosa yake yameandikwa wazi na yanaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Chukua vipimajoto vyao, vya aina ya Miller-Casella. Ni bomba la kioo lenye umbo la U, na tumbo lake lina kuta mbili za kioo ili shinikizo la maji lisilibonyeze. Ndani mna vijiti vidogo vya chuma vinavyosukumwa na zebaki na kubaki pale joto lilipofikia juu kabisa na chini kabisa. Vijiti hurudishwa mahali pake kwa sumaku. Udhaifu wa kwanza: kamba ikishtuka, kijiti huteleza. Wa pili ni mzito zaidi. Chombo hiki husema tu joto la chini kabisa kilikopitia, hakisemi lilikuwa kwenye kina kipi. Katika bahari za tropiki, ambako maji hupoa kadiri unavyoshuka, hakuna shida. Karibu na Antaktika, ambako maji baridi ya barafu hukaa juu ya maji yenye joto kidogo, kipimajoto hupita kwenye baridi njiani, na kusoma kwake kwa chini hakuna maana.

Udhaifu wa tatu ulisahihishwa baada ya safari. Kabla ya kuondoka vipimajoto vilijaribiwa ndani ya mashine ya kushindilia maji, vikaonekana kupanda kwa shinikizo, na ikapangwa hesabu ya kupunguza. Mwanafizikia P. G. Tait wa Edinburgh alipochunguza upya aligundua kwamba sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na jaribio lenyewe: kukandamiza maji na fremu ngumu za mpira zilizoshika kioo kulizalisha joto. Baharini joto hilo halipo, kwa kuwa chombo hushuka polepole na hupata muda wa kupoa. Marekebisho yalikuwa makubwa kupita kiasi, yakapunguzwa.

Mfano wa pili ni Bathybius. Mwaka 1868 mwanabiolojia Thomas Huxley alitangaza kwamba ute alioukuta kwenye sampuli za tope la Atlantiki ni kiumbe hai cha asili kabisa. Challenger ilitarajiwa kukikuta kila mahali, na tope bichi halikuwa nacho. Mwanakemia John Young Buchanan aligundua kwamba ute huo hutokea spiriti ya kuhifadhia inapochanganywa na maji ya bahari: ni salfeti ya kalsiamu iliyotengana na maji. Huxley alikiri hadharani. Jaribio hilo linaweza kufanywa shuleni kwa maji ya bahari na spiriti kali, na wanafunzi wakaona utando mweupe mbele ya macho yao.

Makosa ya Beagle yanafunza pia, ila kwa namna nyingine. Lililo maarufu ni la lebo. Darwin alishuka kwenye visiwa vinne vya Galápagos kati ya Septemba na Oktoba 1835, na chiriku wake wengi hakuwaandikia kisiwa walikotoka, kwa sababu hakufikiria kwamba visiwa vinavyoonana kwa macho vingekuwa na ndege tofauti. Alikuwa na namba, alikuwa na daftari, lakini safu ya kisiwa haikuwepo. Aliyemwamsha ni ndege mwingine, mwigaji wa sauti, ambaye yeye alimwandikia kisiwa kimoja kimoja. Mtaalamu wa ndege John Gould alipowachambua chiriku London mwanzoni mwa 1837 na kuonyesha ni kundi la spishi zenye undugu, Darwin ilimbidi akaombe ndege waliokusanywa na FitzRoy na mabaharia wengine, ambao walikuwa wameandikiwa vizuri zaidi. Yeyote anayefundisha ukusanyaji wa vielelezo asiliache tukio hili: mahali pa kuokota huandikwa siku ileile, hata kama panaonekana hapana umuhimu.

Swali moja, safari mbili

Kwa msomaji asiyetaka kuchagua, liko swali moja linalozifunga zote mbili, nalo linamhusu yeyote aliyekulia penye matumbawe: visiwa vya duara vya matumbawe katikati ya bahari kuu vimetokeaje, ilhali matumbawe yanayojenga miamba hayaishi kwenye kina kirefu kisicho na mwanga?

Darwin alisema volkano huzama taratibu, na matumbawe hujenga juu kadiri msingi unavyoshuka. Aprili 1836 Beagle ilifika visiwa vya Keeling kwenye Bahari ya Hindi, na FitzRoy akatia bildi karibu kilomita 2 tu kutoka ufukweni: kamba ya futi 7,200, karibu mita 2,200, haikugusa chini. Mteremko mkali kiasi hicho uliungana na hoja ya Darwin, ingawa haukuithibitisha. John Murray wa Challenger, baada ya kuona mvua ya maganda ya viumbe vidogo inavyojaza sakafu ya bahari, alipinga: si lazima msingi uzame, vilima vya chini vinaweza kuinuliwa na mashapo mpaka vifikie mwanga. Ubishi ulidumu miongo. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa Enewetak katika Pasifiki, wakapita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe ndipo wakagonga mwamba wa volkano. Darwin alikuwa na haki kuhusu kisiwa kile. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, mada hii inatosha peke yake.

Kipi kinapatikana, na kwa ugumu gani

Beagle ni rahisi kusoma. Habari za FitzRoy na Darwin zilichapwa mwaka 1839, daftari na barua za Darwin zimewekwa mtandaoni bure kwa mpangilio mzuri, na Kiingereza chake kinaeleweka kwa mwanafunzi wa sekondari aliye makini. Hatari yake ni kwamba simulizi ya Darwin ni tamu mno. Humeza meli yote, na msomaji hatambui kwamba yeye alikuwa nchi kavu zaidi ya miaka mitatu kati ya hiyo karibu mitano, wakati mabaharia wakivuta makasia na kutia bildi kwenye ghuba za Patagonia. Pia lipo jambo la watu watatu wa Tierra del Fuego, ambao FitzRoy aliwachukua safari ya kwanza na kuwarudisha kwao: Orundellico, El'leparu na binti Yokcushlu, waliopewa na mabaharia majina ya Jemmy Button, York Minster na Fuegia Basket. Kwa somo la historia na uraia, sehemu hiyo ina uzito kuliko chiriku.

Challenger ni nzito. Taarifa yake rasmi ina majuzuu 50 yaliyotoka kati ya 1880 na 1895, kurasa zaidi ya 29,500, nyingi zikiwa maelezo ya spishi. Takriban 4,700 zilikuwa mpya kwa sayansi. Imechanganuliwa na kuwekwa mtandaoni bure. Usijaribu kuisoma mfululizo. Chukua juzuu la simulizi ya safari, kisha orodha ya vituo, kisha juzuu moja tu linalohusu swali lako. Kwa kemia, chukua kazi ya William Dittmar wa Glasgow, aliyechambua sampuli 77 za maji na kuonyesha kwamba hata chumvi ikizidi au ikipungua, uwiano wa viambato vyake vikuu haubadiliki kwa kiasi cha maana: kloridi ni karibu asilimia 55 ya chumvi yote, uwe Atlantiki au Pasifiki.

Takwimu za joto bado zinafanya kazi. Mwaka 2012 wanasayansi walizilinganisha na vipimo vya siku hizi vya maboya ya Argo, yanayozama na kupanda yenyewe yakipima joto la bahari, wakapata ongezeko la wastani la nyuzi 0.59 za Selsiasi juu ya bahari na 0.39 kwenye kina cha pima 200. Mwanafunzi makini aulizwe: kama mkondo uliipinda kamba ya Challenger, kipimajoto kilikuwa juu zaidi au chini zaidi ya kina kilichoandikwa? Juu zaidi, penye maji ya joto kidogo. Basi bahari ya wakati ule ilikuwa baridi kuliko ilivyoandikwa, na ongezeko halisi ni kubwa kuliko hesabu. Swali kama hilo hulipati kwenye Beagle.

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki

Beagle ilipita Mauritius na Rasi ya Tumaini Jema bila kuugusa mwambao wetu. Challenger ilitoka Cape Town Desemba 1873 ikaenda moja kwa moja kusini, Kerguelen na barafu za Antaktika, na sehemu ya joto ya Bahari ya Hindi haikuipima. Pengo hilo lilijazwa kwa sehemu na meli ya Kijerumani Valdivia ya Carl Chun mwaka 1898–1899, iliyopita Shelisheli na Dar es Salaam, ingawa hiyo ilikuwa meli ya biashara iliyokodiwa.

Safari ya kijeshi inayoingia bandarini mwetu ni ya Kapteni William Fitzwilliam Owen, na meli Leven na Barracouta, 1822 hadi 1826. Barracouta ilikuwa jamii moja na Beagle, hivyo kila ulichojifunza kuhusu ufinyu wa ile kinafaa hapa. Kazi yake ilikuwa ramani za pwani ya mashariki ya Afrika. Kilichowamaliza watu ni homa, hasa walipotumwa kwa mashua kwenye ghuba ya Delagoa (Maputo ya leo) na mito yake, wakilala penye mikoko. Zaidi ya nusu ya waliotoka Uingereza hawakurudi. Mbu hakuna aliyemshuku.

Februari 1824 Owen aliingia Mombasa na kuwakubalia Wamazrui, waliokuwa wakimpinga Sayyid Said, bendera ya Uingereza, kwa masharti ya kukomesha biashara ya watumwa na kugawana mapato ya forodha. Hakuwa na idhini ya serikali yake. Luteni John James Reitz aliyeachwa kusimamia alikufa kwa homa Mei mwaka huohuo, na jina lake limebaki Port Reitz hadi leo. Mwaka 1826 London ilikataa mpango wote na Waingereza wakaondoka. Kwa anayesoma historia ya Mombasa, Oman na Wamazrui, hii ni bora kuliko Beagle na Challenger kwa pamoja. Tatizo lake ni vyanzo: vimetawanyika kati ya nyaraka za jeshi la majini na ramani za asili zilizohifadhiwa Uingereza. Usiichague kama una muda wa miezi mitatu tu.

Mahali pa kuanzia

Darasa linalochukua Beagle lianze na saa tatu za ukutani. Zilinganishwe na saa ya redio kila adhuhuri kwa siku 10, zikokotolewe mwendo kwa sekunde kwa siku, kisha zisiguswe siku 20, na kila kundi litabiri zitakuwa zimekosea kiasi gani. Moja ikae juani, nyingine kivulini. Kosa la kila kundi ligawanywe kwa 4 lipatikane kwa maili za baharini.

Darasa linalochukua Challenger lianze na kituo cha 225, tarehe 23 Machi 1875, magharibi mwa Pasifiki karibu na Visiwa vya Mariana. Kipimo cha kwanza kilitoa pima 4,575. Hawakukiamini, wakapima tena kwa vizito zaidi, wakapata 4,475, yaani mita 8,184, na hicho ndicho walichokiandika kuwa kina cha mahali pale. Baadhi ya vipimajoto vilivunjwa na shinikizo. Wanafunzi wachore grafu ya muda wa kila pima 100 kwa kamba inayoteremka, kisha watafute wenyewe mruko uko wapi. Na wasichanganye majina: kina kirefu kuliko vyote duniani kilicho jirani na hapo, kiitwacho Challenger Deep, kilipimwa na meli nyingine ya jina hilohilo mwaka 1951, kwa mwangwi wa sauti.